Santiago Ramón y Cajal, Mchunguzi wa Neva

Katika sura iliyotangulia tulijifunza kwamba mwili wa mwanadamu una ubongo, ugwe wa mgongo na neva. Ubongo umo ndani ya fuvu la kichwa. Ugwe wa mgongo ni kama kamba nyeupe na laini inayopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Neva ni mafungu ya nyuzi nyembamba yanayotoka katika ubongo na ugwe wa mgongo na kuenea mwilini kote hadi kwenye ncha za vidole. Ukigusa chungu cha moto, habari hupita katika neva za mkono hadi kwenye ugwe wa mgongo. Amri ya kuuondoa mkono hurudi kwa njia ya neva nyingine kabla hujapata nafasi ya kufikiri.

Mara nyingine neva huumia. Mkulima aweza kujikata kwa panga kwenye kifundo cha mkono, akaona kuwa vidole vyake havihisi tena joto wala baridi. Akitibiwa vizuri, baada ya miezi mingi hisia huanza kurudi. Lakini mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi na kuumia ugwe wa mgongo aweza kupooza miguu kwa maisha yake yote. Kwa nini neva ya mkono huweza kupona, na ugwe wa mgongo hauponi? Mmoja wa watu waliolichunguza swali hilo kwa bidii kubwa kabisa alikuwa Santiago Ramón y Cajal wa Hispania. Jina Cajal hutamkwa Kahal. Katika sura hii tutasoma habari za maisha yake na kazi yake.

Utoto wake

Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei, 1852, katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alikuwa tabibu wa vijijini aliyejipatia elimu yake kwa taabu na bidii nyingi. Mama yake aliitwa Antonia Cajal. Baba alihama kijiji hiki akaenda kile kwa kufuata kazi, na mtoto alikulia katika vijiji hivyo.

Tangu utotoni Santiago alipenda kuchora kuliko kitu kingine chochote. Alichora kwenye karatasi, na alipokosa karatasi alichora kwenye kuta na milango. Baba yake hakupendezwa hata kidogo. Aliona kuwa uchoraji ni kupoteza wakati, naye alitaka mwanawe awe daktari. Shuleni pia Santiago hakusifiwa. Baadhi ya walimu wake walitaka watoto wakariri masomo neno kwa neno, na yeye hakupenda kukariri jambo asilolielewa. Kwa hiyo aliadhibiwa mara nyingi.

Tena alikuwa mtundu sana. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, alitengeneza mzinga kwa gogo la mti, akautia baruti na mawe, akaulipua kuelekea lango la jirani. Lango likavunjika, naye akafungiwa kwa siku kadhaa. Baba yake, kwa kutaka kumfunza adabu, alimweka kwa kinyozi ajifunze kazi, na baadaye kwa fundi viatu. Ni wachache waliodhani wakati huo kuwa kijana yule angekuwa mtaalamu mkubwa.

Mwaka 1868 baba alipata shauri jipya. Wakati wa likizo alimfundisha mwanawe umbile la mwili kwa kutumia mifupa iliyotoka katika makaburi ya zamani. Santiago akauchukua mfupa mmoja mmoja, akautazama kwa makini, kisha akauchora pamoja na kila kishimo na kila ukingo wake. Ili achore vizuri, ilimpasa atazame vizuri. Na kwa kutazama vizuri, alielewa. Tangu siku hizo mapenzi yake ya kuchora na elimu ya udaktari vilikwenda pamoja.

Daktari kijana

Cajal alimaliza masomo ya udaktari katika mji wa Zaragoza mwaka 1873. Muda si mrefu akaandikishwa jeshini, na mwaka 1874 akapelekwa kisiwa cha Kuba, ambacho wakati huo kilitawaliwa na Hispania. Huko aliwatibu askari katika hospitali iliyokuwa karibu na vinamasi vyenye mbu wengi. Yeye mwenyewe akaugua malaria vibaya, akadhoofika mno. Mwaka 1875 alirudishwa nyumbani. Miaka michache baadaye akaugua tena, safari hii kifua kikuu, lakini akapona.

Mwaka 1877 alikwenda Madrid, mji mkuu wa Hispania, kufanya mtihani. Huko mwalimu mmoja alimwonyesha vipande vyembamba vya mwili vilivyowekwa chini ya hadubini. Hadubini ni chombo cha kukuzia vitu vidogo ambavyo jicho peke yake haliwezi kuviona. Cajal alivutiwa mno. Aliporudi Zaragoza alinunua hadubini yake mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kutosha, aliilipia kidogo kidogo.

Mwaka 1879 alimwoa Silveria Fañanás, nao wakajaliwa watoto saba. Mwaka 1883 akawa profesa katika mji wa Valencia. Mwaka 1885 ugonjwa wa kipindupindu uliingia katika sehemu hizo na kuua watu wengi. Cajal aliweka kando kazi zake nyingine, akauchunguza ugonjwa huo. Viongozi wa Zaragoza walimshukuru kwa kumpa hadubini mpya iliyotengenezwa Ujerumani, iliyokuwa bora kabisa kwa wakati huo. Zawadi hiyo ilimfaa kuliko fedha.

Fumbo la ubongo

Tumekwisha kujifunza kwamba viumbe vyote vyenye uhai vimejengwa kwa seli, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Jambo hilo lilifahamika Ulaya tangu mwaka 1839. Ngozi ina seli, misuli ina seli, na jani la mhindi lina seli. Lakini ubongo uliwatatiza wataalamu. Walipoukata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini, waliona nyuzi zilizosongamana mno. Hakuna aliyeweza kutambua uzi huu unaanzia wapi na ule unaishia wapi.

Kwa hiyo wataalamu wengi waliamini kwamba nyuzi hizo zote zimeungana, zikawa wavu mmoja mkubwa usio na mwanzo wala mwisho. Kwa mawazo yao, ubongo haukuwa na seli zinazojitegemea kama sehemu nyingine za mwili.

Mwaka 1873 daktari mmoja wa Italia, aliyeitwa Camillo Golgi, alivumbua njia mpya ya kuutia ubongo rangi. Alitumia kemikali mbili, mojawapo ikiwa na madini ya fedha. Njia hiyo ilikuwa na ajabu yake. Katika seli nyingi zilizosongamana, ilizitia rangi nyeusi chache tu, na zilizobaki hazikuonekana. Seli iliyoshika rangi ilionekana yote: mwili wake, matawi yake na uzi wake mrefu, mfano wa mti mmoja mweusi uliosimama katika uwanja wa rangi ya manjano. Hata hivyo, Golgi mwenyewe aliendelea kuamini kwamba ubongo ni wavu.

Mwaka wa 1888

Cajal aliiona njia ya Golgi kwa mara ya kwanza mwaka 1887, alipotembelea Madrid. Daktari Luis Simarro ndiye aliyemwonyesha. Watu wengine walikuwa wameiacha kwa sababu mara nyingi ilishindwa kufanya kazi. Cajal hakuiacha. Alihamia Barcelona mwaka huohuo, akaijaribu tena na tena, akaitengeneza iwe bora zaidi. Badala ya kukitia kipande cha ubongo katika kemikali mara moja, alikitia mara mbili.

Tena alipata wazo jingine lenye busara. Badala ya kutumia ubongo wa mnyama mzima peke yake, alitumia pia ubongo wa wanyama wachanga na wa vifaranga ambao bado wamo ndani ya yai. Fikiri juu ya shamba la maboga. Juma la kwanza baada ya kuota, waweza kulihesabu shina moja moja na kuona kila tawi linakokwenda. Baada ya miezi miwili mashina yametambaa na kupitana, hata huwezi kujua boga hili ni la shina lipi. Ndivyo ilivyo katika ubongo. Katika mnyama mchanga nyuzi ni fupi, ni chache, na zinaonekana vizuri.

Mwaka 1888 Cajal alichunguza sehemu ya nyuma ya ubongo wa ndege. Alifuata kila uzi mpaka mwisho wake. Aliona kwamba uzi wa seli moja huifikia seli nyingine, huizunguka na kuikaribia kabisa, lakini hauungani nayo. Kila uzi ulikuwa na mwisho. Basi ubongo haukuwa wavu. Ulikuwa umejengwa kwa seli zinazojitegemea, kila moja ikipeleka habari kwa jirani yake.

Hispania haikuwa na gazeti la sayansi la kutangazia habari hizo, kwa hiyo Cajal alianzisha la kwake, akalilipia kwa fedha zake. Mwezi wa Mei 1888 nakala 60 zilichapishwa, akazipeleka kwa wataalamu wa nchi mbalimbali. Wengi hawakusoma, maana hawakujua Kihispania.

Safari ya Berlin

Cajal aliamua kuwafuata wataalamu hao huko waliko. Mwaka 1889 alisafiri hadi Berlin, Ujerumani, kwenye mkutano wa wataalamu wa umbile la mwili. Alichukua hadubini yake na vipande vyake bora. Hakukijua Kijerumani, akajieleza kwa Kifaransa kisicho fasaha. Lakini macho hayahitaji mkalimani. Alimwalika kila mtu atazame katika hadubini yeye mwenyewe.

Miongoni mwao alikuwako Albert von Kölliker, mzee aliyeheshimiwa na watu wote wa fani hiyo. Alitazama kwa muda mrefu, akasadiki. Ingawa hapo awali aliukubali wavu, hakuona aibu kubadili mawazo yake alipoonyeshwa ushahidi. Tangu siku hiyo kazi ya Cajal ikaanza kujulikana. Mwaka 1891 mtaalamu mwingine wa Ujerumani, Wilhelm Waldeyer, aliipa seli ya neva jina linalotumika mpaka leo: nyuroni.

Mwaka 1890 Cajal aliona jambo jingine katika vifaranga walio ndani ya yai. Kwenye mwisho wa kila uzi unaokua aliona uvimbe mdogo wenye vidole vidogovidogo. Alitambua kuwa hiyo ndiyo ncha ya ukuaji. Kama vile ncha ya mzizi inavyopenya udongo ikitafuta maji, ndivyo ncha ya uzi wa neva inavyopenya mwilini ikitafuta mahali pake. Cajal alidhani kuwa kuna kemikali zinazoivuta ncha hiyo na kuielekeza. Yeye aliziona ncha hizo katika vipande visivyo na uhai. Lakini mwaka 1907 Ross Harrison wa Marekani aliuona uzi wa neva ya chura ukikua ukiwa hai.

Tuzo moja, mawazo mawili

Mwaka 1892 Cajal alihamia Madrid, akafundisha na kufanya uchunguzi huko kwa miaka mingi. Mwaka 1906 aliitwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, apokee Tuzo ya Nobel ya udaktari. Tuzo hiyo ilitolewa kwa watu wawili pamoja: yeye na Camillo Golgi. Golgi alivumbua njia, na Cajal aliitumia njia hiyo kuona yale ambayo Golgi hakuyaona.

Katika hotuba yake siku zile, Golgi bado alitetea mawazo ya wavu mbele ya watu wote. Cajal naye katika hotuba yake alieleza ushahidi wake juu ya seli zinazojitegemea. Hivyo watu wawili waliotunukiwa pamoja hawakukubaliana. Katika sayansi mambo hayaamuliwi kwa ukubwa wa cheo cha msemaji. Huamuliwa kwa ushahidi. Katika miaka ya 1950, baada ya wote wawili kufariki, hadubini mpya zenye nguvu zaidi zilionyesha wazi kwamba kati ya nyuroni na nyuroni kuna mwanya mdogo sana. Cajal alikuwa amesema kweli.

Neva iliyokatwa

Baada ya tuzo hiyo Cajal hakupumzika. Alikuwa amekwisha kuanza uchunguzi mwingine mgumu: neva hufanya nini inapokatwa?

Jambo moja lilikuwa limekwisha kujulikana. Mwaka 1850 Augustus Waller, daktari wa Uingereza, alizikata neva za ulimi wa chura. Aliona kwamba sehemu iliyotengwa na mwili wa seli hufa na kumeng'enyeka. Lakini wataalamu walibishana juu ya mahali nyuzi mpya zinapotoka. Wengine walisema kwamba sehemu ile iliyotengwa hujijenga upya yenyewe, kwa seli nyingi kushikana mikono kama mnyororo. Wengine walisema kwamba nyuzi mpya hutoka upande mmoja tu, ule uliobaki na mwili wa seli.

Tazama jinsi ubishi huu ulivyohusiana na ule wa kwanza. Ikiwa kila uzi wa neva ni mkono mrefu wa seli moja, basi uzi uliokatwa ni kama tawi lililokatwa mtini. Tawi lililoanguka hukauka, na chipukizi hutoka kwenye shina lenye mizizi. Kwa hiyo ikiwa Cajal alisema kweli juu ya ubongo, ilipasa aone chipukizi upande wa mwili wa seli peke yake.

Akatengeneza njia mpya ya kutia rangi, mwaka 1903, iliyomwezesha kuziona nyuzi nyembamba kabisa. Akazikata neva za miguu ya wanyama kama sungura na paka, akazichunguza baada ya saa chache, baada ya siku chache, na baada ya majuma mengi. Aliona mambo haya.

Kwanza, sehemu iliyotengwa na mwili wa seli ilikufa, kama Waller alivyosema. Pili, upande wa mwili wa seli, ncha za nyuzi zilivimba, kisha zikatoa chipukizi nyembamba. Tatu, chipukizi hizo ziliingia katika kovu lililokuwa kati ya vipande viwili. Nyingi zilipotea njia humo. Nyingine zilirudi nyuma. Nne, zile zilizofika upande wa pili zilikuta maganda ya nyuzi za zamani yakiwa bado yapo, yamepangwa kama mabomba matupu. Seli za maganda hayo zilizisaidia nyuzi mpya na kuzionyesha njia, mpaka zikafika tena kwenye misuli na ngozi.

Hakuona nyuzi mpya zikizaliwa zenyewe katika sehemu iliyotengwa. Ubishi ukaisha. Mwaka 1913 na 1914 Cajal alitoa kitabu cha mabuku mawili juu ya kuharibika na kuota upya kwa neva, chenye michoro mingi aliyoichora kwa mkono wake.

Kuota upya kwa neva ni kazi ya polepole. Katika mwili wa mtu, uzi mpya hukua kiasi cha milimita 1 kwa siku. Ndiyo sababu aliyekatwa neva hungoja miezi mingi. Ndiyo sababu pia madaktari huzishona ncha mbili za neva zielekeane vizuri, ili chipukizi zisipotee njia.

Ubongo na ugwe wa mgongo

Cajal aliuchunguza pia ugwe wa mgongo na ubongo wa wanyama waliojeruhiwa. Hapo aliona jambo la kuhuzunisha. Nyuzi zilizokatwa zilianza kutoa chipukizi, kama zile za mguu. Lakini baada ya siku chache chipukizi zilisimama, zikanyauka. Hazikuvuka jeraha.

Je, nyuzi hizo hazikuwa na nguvu ya kukua, au mahali pale ndipo palipokuwa pabaya? Mwanafunzi wake, Francisco Tello, alifanya jaribio zuri mwaka 1911. Alichukua kipande cha neva ya mguu wa sungura, akakipandikiza ndani ya ubongo wa sungura. Baadaye aliona kwamba nyuzi za ubongo ziliingia katika kipande kile na kukua humo. Basi nguvu ya kukua ilikuwapo. Kilichokosekana ni mahali panapofaa. Mbegu njema ikipandwa juu ya mwamba haioti.

Hata hivyo, Cajal aliandika kwa uaminifu yale aliyoyaona. Alisema kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia za neva zimekwisha kukamilika, na kilichokufa hakirudi. Hakuwadanganya wagonjwa wala madaktari kwa matumaini yasiyo na ushahidi. Lakini hakuufunga mlango. Aliiachia sayansi ya siku za mbele kazi ya kulibadili jambo hilo, ikiwezekana.

Alistaafu ualimu mwaka 1922, lakini aliendelea na uchunguzi na kuandika. Alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba, 1934, akiwa na umri wa miaka 82. Michoro yake zaidi ya elfu mbili imehifadhiwa Hispania, na mingine bado hutumika katika vitabu vya kufundishia.

Waliomfuata

Wataalamu wengine waliipokea kazi hiyo. Katika miaka ya 1950 Rita Levi-Montalcini, mwanamke wa Italia aliyefanya kazi Marekani, aligundua kemikali inayozifanya neva fulani zikue. Yeye na mwenzake Stanley Cohen walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Hivyo wazo la Cajal juu ya kemikali zinazoathiri ukuaji wa neva lilipata nguvu.

Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo, huko Montreal, Kanada, walirudia wazo la Tello kwa njia bora zaidi. Walitumia neva ya mguu wa panya kama daraja la kuunganishia ubongo na ugwe wa mgongo. Nyuzi zilikua ndani ya daraja hilo kwa sentimita 3 hivi. Baadaye iligunduliwa pia kwamba ndani ya ubongo na ugwe wa mgongo mna vitu vinavyozuia nyuzi kukua. Mpaka miaka ya 2020 haikuwa imepatikana dawa ya kuuponya kabisa ugwe wa mgongo uliokatwa, lakini kazi hiyo iliendelea katika nchi nyingi.

Juu ya jambo moja Cajal alihitaji kusahihishwa. Yeye, kama wenzake wengi, aliamini kuwa ubongo uliokomaa hauwezi kupata nyuroni mpya. Mwaka 1962 Joseph Altman wa Marekani alionyesha dalili za nyuroni mpya katika ubongo wa panya wakubwa. Ni wachache waliomsadiki. Mwaka 1998 wataalamu wa Uswidi na Marekani walieleza kwamba wameziona pia katika ubongo wa watu wazima, katika sehemu inayohusika na kumbukumbu. Wengine walichunguza wakaona chache mno, au hawakuona kabisa, na ubishi ukaendelea hadi miaka ya 2020. Utamalizwa kama ubishi wa wavu ulivyomalizwa, kwa kutazama vizuri zaidi.

Jinsi ya kuzitunza neva zetu

Kwa kuwa ugwe wa mgongo ukikatwa hauoti upya, yatupasa tuulinde. Mtu akianguka kutoka mtini au akigongwa na gari, usimwinue kwa kumshika mikono na miguu. Mwache alale alipo, mzuie asigeuze shingo, ukaite watu wazima na msaada wa hospitali. Ikiwa hapana budi kumhamisha, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, wamlaze juu ya ubao, huku kichwa, shingo na mgongo vimenyooka.

Jeraha la mkono linaloleta ganzi lipelekwe hospitali mapema. Vilevile baka la ngozi lisilo na hisia laweza kuwa dalili ya ukoma, ugonjwa unaoharibu neva. Ukoma hutibika, na anayewahi kutibiwa huokoa neva zake.

Kazi ya kufanya

1. Chora jani la mpapai bila kulitazama. Kisha lete jani lenyewe, ulitazame kwa makini, ulichore tena pamoja na mishipa yake. Linganisha michoro miwili. Umeona mambo gani ambayo hukuyajua hapo kwanza?

2. Mwambie mwenzako afumbe macho. Mguse kwa vijiti viwili butu vilivyoachana milimita 5, kwanza kwenye ncha ya kidole, kisha mgongoni. Mwulize kila mara kama anahisi vijiti viwili au kimoja. Ni wapi penye hisia kali zaidi? Eleza sababu yake kwa kufikiri juu ya neva.

Maswali

1. Kwa nini baba yake Cajal hakupenda mwanawe achore? Uchoraji ulimsaidiaje baadaye?

2. Eleza tofauti kati ya mawazo ya Golgi na mawazo ya Cajal juu ya ubongo.

3. Kwa nini Cajal alichunguza vifaranga walio ndani ya yai?

4. Kölliker alifanya nini alipoonyeshwa ushahidi? Tunajifunza nini kwake?

5. Neva ikikatwa, ni upande upi unaokufa, na ni upande upi unaotoa chipukizi? Kwa nini?

6. Mtu amekatwa neva karibu na kiwiko. Kutoka hapo hadi kwenye ncha ya kidole ni sentimita 30. Ikiwa uzi mpya unakua milimita 1 kwa siku, utafika baada ya siku ngapi?

7. Jaribio la Tello lilionyesha nini?

8. Taja jambo moja ambalo wataalamu wa baadaye walilithibitisha katika kazi ya Cajal, na jambo moja ambalo walilitilia shaka.